Sauti ya Maiti

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amekufa.
Kifudifudi kwenye tope la mto wa kwao Uingereza,
sehemu ya tatu ya tamthilia ya upelelezi,
na mpelelezi mwenye koti refu akamgeuza kwa ncha ya kiatu.
Sekunde tisa. Basi.
Jina lake lilipita mwishoni mbio, dogo kama sisimizi.

Lakini maiki nilikuwa nayo mimi,
bandani kwa Kapaya, Isevya,
mabenchi ya mninga, kiingilio shilingi mia mbili,
na mtafsiri halipwi kwa kukaa kimya.
Nikamsemesha: "Jamani, nigeuzeni taratibu,
maji ya baridi haya, na deni la Mangi sijalipa."
Banda likavunjika kwa kicheko.
Tangu usiku ule akaitwa Maiti.

La cheti ni Gareth Pellowick.
Ulimi wangu hulizunguka jina hilo
kama ng'ombe anayekwepa josho.

Mwaka uliofuata Maiti akafufuka:
mhudumu wa hoteli, maneno manne na sinia.
Masele muuza asali alisimama juu ya benchi,
"Kapata kazi! Kijana wetu kapata kazi!"
Kisha askari wa zamu, anasinzia.
Kisha mdogo wake wakili, yule mlevi,
akaonekana hadi sehemu ya sita tukashangaa.
Alipoota ndevu nikaizamisha sauti kifuani.
Alipopata mchumba nilijifunza kunong'ona,
na kunong'ona kwenye spika iliyopasuka si kazi ndogo.

Katika ile ya vita alimlilia mama yake.
Sikutia utani.
Nilitia maneno niliyomwambia marehemu mama
wodini Kitete, alfajiri, dripu imesimama,
neno kwa neno,
na Mwingereza akayalia vizuri kuliko nilivyoyalia mimi.
Watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa yuko juu. Sura yake, wanasema, inatembea
ubavuni mwa mabasi ya kwao,
na mwakani atavaa taji, filamu ya mfalme fulani.
"Hivi huyu wanamlipa ngapi?" aliuliza Kapaya
huku akinihesabia elfu nne,
noti moja imeungwa kwa gundi.
Sina wivu.
Uongo. Ninao mdogo,
kama chuya kwenye wali: haiui, ila unaijua.

Juma lililopita betri ya maiki ilikufa
katikati ya hotuba yake mbele ya jeshi.
Kwa mara ya kwanza banda lilimsikia mwenyewe:
sauti nyembamba, ya puani kidogo,
nzuri, ya mtu aliyeisomea.
Kimya.
Kisha mama Nyanzala, karanga kiganjani:
"Nani huyo anamsemea Maiti?
Mrudishieni sauti yake."

Walicheka wote. Mimi niliutazama mdomo wake ukienda,
mishipa ya shingo imesimama, jasho la kweli,
miaka kumi na moja tangu tope lile,
na hajui kwamba Tabora kuna mtu
ambaye huvuta pumzi nusu sekunde kabla yake,
anayejua bega lipi hupanda akikaribia kudanganya.
Nilitaka kumsaidia. Sikuwa na betri.

Nilirudi kwa miguu, nikakatisha stesheni.
Treni ya Kigoma haijatangazwa bado,
abiria wamelala juu ya mizigo yao,
ndoo, magodoro, jogoo mmoja kwenye kikapu.
Mtoto akachomoza kichwa kwenye kitenge,
akanitazama hadi nikapunguza mwendo.

"Shikamoo, Maiti."

Marahaba, nikaitika.
Kwa sauti ipi, sikumbuki.